Shajara ya mradi: sisi tulichora visanduku, wazazi wakashika uzi

Wiki ya 1

Naanza kuandika leo hii manake najijua, nikisubiri mradi uishe nitakumbuka yale mazuri tu. Kwa kifupi, timu yetu inahudumia watoto viziwi, wenye usikivu hafifu, wasioona, wenye uoni hafifu, na wachache ambao ni viziwi-wasioona, na tumepewa kazi ya kupanga upya huduma nzima kuanzia siku mtoto anapogundulika mpaka anapoanza shule. Mwaka jana tulishapanga upya fomu ya mapokezi, tukajifungia ofisini wiki mbili, tukatoka na kitu cha kurasa 6 kimepangika vizuri kweli, wazazi wakakichukia siku ile ile. Safari hii tumekubaliana familia ziwepo tangu mwanzo.

Meneja akauliza, "ziwepo kivipi?" Swali zuri. Nikaitoa ile ngazi ya ushiriki ya Sherry Arnstein ya mwaka 1969, ina vipandio 8, cha chini kabisa ni kuwazuga watu na cha juu kabisa ni wananchi wenyewe kushika usukani. Nikagawa vikaratasi kila mtu aandike sisi tuko kipandio cha ngapi. Wengi waliandika 6, yani ubia. Mi niliandika 4, kuombwa maoni, na hapo pia nilijipendelea, kwa sababu kipandio cha 3 ni kupewa taarifa na ukichukua barua zetu zote za mwaka ni taarifa tupu: njoo tarehe fulani, leta kadi, usichelewe.

Mwenzetu mmoja akasema lakini kushirikisha familia kunachelewesha kazi, sisi ndo wataalamu. Sikubishana sana, nikamsomea tu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, ibara ya 4 kifungu cha 3, kwamba maamuzi yanayowahusu yafanywe kwa kushauriana nao kwa karibu, na watoto wametajwa humo humo. Kwa hiyo hatuwafanyii mtu hisani hapa. Akanyamaza, ila najua hajaridhika.

Wiki ya 2

Aibu imewahi kufika. Tulituma mwaliko, barua safi yenye saini, imeskaniwa ikawa PDF. Baba mmoja ambaye mwenyewe haoni, na mwanae pia haoni, akatujibu kwa meseji: "Simu yangu imenisomea neno moja tu, picha." Karatasi ikiskaniwa hivi hivi inabaki picha, programu ya kusoma skrini haina herufi za kushika, inapita kama vile hakuna kitu. Siku hiyo hiyo mama mmoja kiziwi akaandika kwamba kwenye barua tumesema athibitishe kwa kupiga simu, sasa apige aongee nini?

Yani sisi, ambao hii ndo kazi yetu ya kila siku.

Tumerudia mwaliko wote. Meseji ya maandishi ya kawaida, voisi, video fupi ya lugha ya alama, na breli kwa walioitaka. Nasema walioitaka kwa sababu si kila asiyeona anasoma breli na si kila kiziwi yuko vizuri na maandishi marefu, ukijiamulia mwenyewe unakosea tena. Tumeongeza swali moja kwenye kila faili, "tukufikie kwa njia gani?", na nilipopekua mafaili yetu ya nyuma hakuna hata moja lenye hilo swali. Kuna audiogramu, ile chati ya kipimo cha usikivu, kuna kipimo cha macho, kuna historia ya ujauzito wa mama mpaka uzito wa mtoto alipozaliwa, lakini namna ya kumpata mzazi mwenyewe hakuna.

Na mkutano tumeuhamishia Jumamosi. Tulikuwa tumeuweka Jumanne saa nne asubuhi, sijui tulidhani wazazi wanaishi wapi.

Wiki ya 4

Mkutano wa kwanza. Tulialika familia 14, zikaja 11.

Kwanza chumba. Wakalimani wawili wa lugha ya alama, wanapokezana kila baada ya dakika kama 20 hivi kwa sababu akili ya mkalimani inachoka kabla ya mikono na makosa yanaanza bila yeye kujua. Hakuna kukaa na dirisha mgongoni, mkalimani anageuka kivuli na kiziwi haoni kitu. Anaongea mtu mmoja kwa wakati, na unataja jina lako kabla hujaanza ili wasioona wajue nani anaongea, halafu unasubiri kidogo tafsiri ifike. Mwenyekiti wetu ni mtu wa kuongea kwa kasi, jasho lilimtoka. Ila sijawahi kukaa kwenye mkutano ambao watu hawakatani kauli namna ile, hata wasiohitaji mkalimani walisema waliongea mpaka mwisho wa sentensi zao.

Sasa ramani. Tulikuwa tumebandika ukutani ramani ya huduma zetu, visanduku: uchunguzi, kliniki ya masikio, kliniki ya macho, mtaalamu wa mawasiliano, mwalimu mshauri, shule. Mwenzangu mmoja alipata wazo akatengeneza nakala nyingine ya kushika, visanduku vya kadi ngumu na uzi wa sufu unaounganisha kimoja na kingine, ikawekwa mezani. Yule baba wa PDF akapitisha vidole, anataja kila kisanduku, hapa masikio, hapa macho, halafu akafika kwenye uzi unaotoka kliniki ya macho kwenda shule. Akausimamia. Akasema, "Huu uzi ni mimi."

Kimya kidogo, mkalimani anamalizia, halafu chumba kikaripuka. Kila mzazi anataka uzi wake. Mama wa mtoto kiziwi-asiyeona akasema yeye ndo anabeba audiogramu kwenye mfuko wa plastiki kutoka kliniki hii kwenda ile kwa sababu mafaili hayaonani. Mwingine ana daftari ameandika kila mara aliyosimulia upya habari za kuzaliwa kwa mwanae ndani ya mwaka mmoja, zimefika mara 19, na kila mara ikabidi aanze na ile siku ambayo asingependa kuikumbuka hata mara moja.

Na hapo ndo nikajua kwamba matatizo makubwa hayako ndani ya visanduku kabisa, yako kwenye uzi. Mfano huu nauandika wote kwa sababu ulinikaa kooni. Mtoto wa miaka miwili, haoni vizuri na inadhaniwa hasikii vizuri. Kliniki ya masikio wanampima kwa ile njia ya kumchezea sauti halafu akigeuka anaonyeshwa mdoli unaowaka taa kama zawadi. Mtoto huyu haoni huo mdoli vizuri, kwa hiyo baada ya mara mbili tatu hana sababu ya kugeuka tena, wao wanaandika hakuitika. Wiki iliyofuata kliniki ya macho, wanazima taa ili wamuangalie ndani ya jicho, na mtoto anategemea mikono ya mama na midomo ya mama kujua nini kinaendelea, giza likishaingia kwake dunia imekatika, anapiga kelele, wanaandika hana ushirikiano. Wataalamu wawili wazuri, kila mmoja kafanya kazi yake sawasawa, na ripoti zote mbili zina kasoro kwa sababu hakuna aliyemwambia mwenzie. Aliyejua yote ni mama, na mama hakuulizwa.

Nilirudi nyumbani nimechoka kama nimebeba mawe.

Wiki ya 5

Wiki hii ni ya kutembelea familia 3 ambazo hazikuja. Mbili ni mambo ya nauli na kazi, tutalipia nauli, imeisha. Ya tatu, mtoto analelewa na bibi yake. Barua yetu ilisema "mzazi", bibi akaona haimhusu, akamtunzia binti yake ambaye anafanya kazi mbali mpaka atakaporudi.

Bibi huyu kila asubuhi anamkalisha mjukuu, anaziba mdomo wake kwa karatasi ili mtoto asisome midomo, anamtamkia a, u, i, sh, s, m na mtoto anainua mkono kila akisikia. Ni kile kipimo cha sauti 6 cha Ling, sauti hizo zimechaguliwa kwa sababu zinagusa kuanzia mawimbi ya chini mpaka ya juu ya maongezi, kwa hiyo ukiona "m" inapita na "s" haipiti unajua tatizo liko upande gani, na ukiona leo hakuna hata moja iliyopita unaanza kukagua betri ya mashine yake ya kusikia. Alifundishwa mara moja na fundi wa kliniki miaka mitatu iliyopita na hajaruka siku. Nikamuuliza matokeo unampa nani, mama? Akacheka, "nani kaniuliza, mwanangu?" Ana daftari mbili zimejaa. Daftari mbili za data ya kila siku ambayo mtaalamu yeyote wa usikivu angeipigania, ziko chini ya mto.

Fomu zetu zimeshaanza kubadilika, "mzazi" imekuwa "wanaomlea mtoto" na kuna nafasi ya majina matatu.

Tulichukua pia ratiba za familia, lini walishtuka, lini walisikilizwa. Kuna kanuni ya 1-3-6 inayotajwa sana, ya ile kamati ya pamoja ya usikivu wa watoto wachanga ya Marekani: apimwe kabla ya mwezi 1, ithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Si namba za kupamba, utafiti wa Yoshinaga-Itano na wenzake wa 1998 ulikuta watoto waliogundulika kabla ya miezi 6 wana lugha nzuri zaidi kuliko waliogundulika baadaye. Mama mmoja alishtuka mtoto akiwa na miezi 5, sufuria ikaanguka nyuma yake mtoto hata kope hakupepesa. Akaambiwa watoto wanatofautiana. Akarudi, akaambiwa wavulana huchelewa kuongea. Jibu la kweli amelipata mtoto ana miaka miwili na nusu. Kwenye mfumo wetu huyu anahesabika kama "aligundulika kwa kuchelewa", kana kwamba mama ndo alichelewa.

Wiki ya 7

Video. Njia tunayoifuata ilianzia hospitali Uingereza katikati ya miaka ya 2000, watafiti kina Paul Bate na Glenn Robert, kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo: unarekodi watu wanasimulia walivyopitia huduma, unatoa zile sehemu zilizowagusa, watumishi na watumiaji wanaangalia pamoja halafu wanapanga pamoja nini kibadilike. Sisi tumerekodi familia 5. Kazi ikawa kuifanya video yenyewe ifikike, maandishi chini, mkalimani pembeni, na sauti ya kuelezea picha kwa wasioona. Tulipanga siku tatu, zikawa wiki mbili. Nimeshaacha kupanga siku tatu kwa kitu chochote.

Watumishi waliangalia. Sehemu iliyowauma ni pale mama mmoja anaposema siku ya majibu daktari alimwambia "pole sana" kwa sauti ya msibani, halafu akampa kipeperushi. Alikaa kwenye ngazi za jengo na kile kipeperushi karibu saa nzima. Lakini iliyowachanganya zaidi ni ya mama kiziwi, yeye mwanae alipothibitishwa ni kiziwi alifurahi, alijua atamlea kwa lugha anayoijua tangu tumboni, na mbele yake yuko muuguzi anamsogezea tishu. Anasimulia huku anacheka, alama ya tishu anaifanya kwa madaha kweli. Tuliocheka ni sisi, muuguzi mmoja nyuma hakucheka, baadaye akaniambia anadhani ni yeye.

Nikamwambia huenda, na kwamba yuko sehemu sahihi.

Wiki ya 8

Ugomvi. Ulikuwa unakuja, bora ulivyokuja.

Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi wao kiziwi wa kwanza kumfahamu maishani ni mtoto wao wenyewe. Baba mmoja ambaye mwanae amewekewa kipandikizi cha koklea, kile kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio, akasema muda wote utumike kwenye kuongea, alama zitamfanya mtoto awe mvivu. Mama mwingine akamjibu kwamba miaka miwili ya kusubiri mwanae aongee ndo miaka ambayo mtoto hakuwa na lugha yoyote, alikuwa anamng'ata kwa sababu hana njia nyingine ya kusema hapana. Sauti zikapanda.

Tulikuwa tumealika mzee mmoja kiziwi, mwalimu mstaafu, awe mmoja wa wapangaji. Akanyoosha mkono akasubiri mpaka watu wote wamtazame. Akaeleza ya Milan, Italia, mwaka 1880, mkutano wa waalimu wa viziwi ambao karibu wote walikuwa wanasikia, wakapitisha kwamba alama ziondoke darasani. Vizazi na vizazi vya watoto wakafungwa mikono. Mpaka mwaka 2010 kule Vancouver, Kanada, ndo mkutano huo huo wa kimataifa ukajutia hadharani. Halafu akamgeukia yule baba, akasema, "Sikuja kumtoa mwanao mashine. Betri ikiisha usiku, utaongea naye vipi?"

Baba hakujibu pale. Sitaki kuandika kwamba alibadilika, hakubadilika, mkutano uliofuata alikuja na msimamo wake ule ule. Tulichokubaliana ni kwamba huduma yetu haitamchagulia mzazi upande, na siku ya majibu haitampa njia moja tu mtu ambaye hajawahi kuiona ya pili, na katika mwezi wa kwanza kila familia itakutanishwa na kiziwi mtu mzima na pia na mzazi mwingine aliyetangulia kupitia haya. Hili la mzazi aliyetangulia lilipata kura zote. Ni kitu pekee ambacho hawakubishania hata koma.

Wiki ya 10

Watoto. Ule mkataba wa 2006 ibara ya 7 inasema mtoto ana haki ya kusema maoni yake na kupewa msaada unaofaa umri na ulemavu wake, na sisi mpaka wiki ya kumi tumeongea na watu wazima tu.

Tuliwapa wasikivu hafifu na viziwi kamera wapige picha za mahali wanapopenda na wasipopenda, wakaleta picha nyingi mno za dari. Kumbe ni taa. Zile taa ndefu zinazopepesa, wanazichukia, mtu anayetegemea macho kusoma mikono na midomo anachoka nazo haraka. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyezitaja.

Binti mmoja asiyeona, miaka 10, akasema yeye picha za nini, apewe kinasa sauti. Akatembea na fimbo yake nyeupe kutoka mlango wa kliniki mpaka chumba cha daktari anarekodi. Unasikia fimbo, unasikia mlio unavyobadilika ukumbi unapopanuka, anasema "hapa nimepotea, kila kitu kinalia sawa." Halafu mapokezi. Sauti ya mtumishi: "Anaitwa nani?" Mama anajibu. "Ana miaka mingapi?" Mama anajibu. "Anaona kidogo au haoni kabisa?" Na hapo binti, karibu kabisa na kinasa, kwa kunong'ona: "Niko hapa."

Hicho kipande tumekipeleka kwenye kikao cha watumishi bila maelezo yoyote.

Kwa watoto viziwi-wasioona ilibidi tupunguze sana haraka zetu. Mama mmoja alitukemea, na alikuwa sahihi, kwa sababu mwenzetu alimshika mtoto mkono akaupeleka kwenye mdoli. Mkono wa mtoto huyu ndo jicho lake na ndo mdomo wake, ukimshika ukamburuza ni sawa na kumshika mtu taya. Unaweka mkono wako chini ya wake, unamwacha aupande mwenyewe, akitaka kuondoka anaondoka. Na kabla ya chochote unamjulisha wewe ni nani, kila mtu ana alama yake, mimi nimepewa bangili yangu ya shanga, anaigusa anajua ni mimi. Maoni yake kuhusu huduma zetu yalikuwa kwamba chumba namba mbili hataki kuingia, akifika mlangoni anakaa chini. Tumeshindwa kujua ni harufu au ni sakafu inayotetemeka na mashine ya jirani. Tumeacha kukitumia kwa ajili yake, uchunguzi unaendelea.

Wiki ya 12

Bajeti, kwa kifupi kwa sababu nimekasirika. Mhasibu anasema mtaalamu wa kualikwa analipwa, mzazi "anajitolea". Nikauliza tofauti ni nini kama wote wanakaa meza moja kwa masaa matatu wanafanya kazi ile ile. Imekubaliwa posho kwa familia na kwa yule mzee, baada ya vikao vitatu ambavyo kwa hakika vimekula pesa kuliko hiyo posho.

Familia zimechagua mambo matatu ya kujaribu kwanza: karatasi ya mtoto inayotangulia kila miadi, masikio na macho siku moja, na moldi za mashine za kusikia.

Wiki ya 14

Karatasi ya mtoto, toleo la kwanza, limekufa. Tuliiandika sisi, kurasa 4, vichwa vya habari kila mahali. Daktari aliyejaribu akakiri hakusoma. Wazazi wakachukua wakaikata wenyewe kwa mkasi, kihalisia kabisa, wakabaki na ukurasa mmoja, na ukurasa huo umeandikwa kwa sauti ya mtoto.

Ya kijana mmoja wa miaka 7 mwenye uoni hafifu wa ubongo nainukuu kwa ruhusa: "Macho yangu ni mazima, shida iko kwenye njia ya kuelekea kwenye ubongo. Asubuhi naona vizuri kuliko jioni. Kitu kikitembea nakiona haraka. Ukiniwekea vitu vingi mezani sioni hata kimoja. Sijifanyi." Hilo neno la mwisho mama alilisisitiza, kwa sababu shuleni waliona anaokota kishungi cheusi sakafuni halafu anashindwa kuona kikombe kwenye meza iliyojaa, wakasema anachagua cha kuona. Kwa mtu ambaye ubongo wake ndo unashindwa kuchambua msongamano, hivyo ndivyo inavyokuwa kila siku.

Tulibishana kuhusu jina la ugonjwa, likae juu au chini. Sisi tulitaka juu. Familia zimeliweka mstari wa mwisho. Mi bado naona lingekaa juu kidogo, ila kura ni kura.

Wiki ya 17

Moldi. Kwa asiyejua, ni kile kipande laini kinachojaza tundu la sikio na kushikilia mashine. Sikio la mtoto mchanga linakua haraka, moldi ya leo baada ya wiki chache imeshalegea, sauti inavuja inarudi kwenye maikrofoni, mashine inapiga mluzi, mtoto anaing'oa au mzazi anaipunguza sauti ili jirani wasigeuke. Mtoto anaonekana "amevaa mashine" na hasikii kitu. Utaratibu wetu ulikuwa safari tatu: kuomba miadi, kuchukuliwa umbo, kurudi kuvalishwa. Mzazi mmoja akauliza kwa nini lazima aje kuomba. Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilianza zamani, ikaendelea.

Sasa mzazi anatuma voisi ya ule mluzi, basi, anapewa siku ya umbo. Na kwenye bahasha ya moldi tunaweka betri za chungwa, namba 13, zinazotumika na wengi, pamoja na karatasi iliyoandikwa na wazazi wenyewe: ukishabandua stika subiri dakika kadhaa hewa iingie ndo ufunge, na mlango wa betri uwe ule wa kufungwa mtoto asiweze kuufungua, mtoto akimeza betri kimbia hospitali usisubiri uone dalili.

Yule mwenzetu wa wiki ya 1, aliyesema familia zinachelewesha kazi, ndo aliyependekeza voisi zihifadhiwe kwenye faili. Hakusema kitu kingine na mi sikumuuliza.

Wiki ya 20

Siku ya kwanza ya masikio na macho pamoja, watoto 6. Tulichelewa saa nzima na nusu, mkalimani mmoja aliugua, na printa ikagoma. Lakini yule mtoto wa mdoli wa taa amepimwa upya. Karatasi yake ilitangulia, fundi akaisoma, akauacha mdoli akatumia feni ndogo ya kupuliza upepo shavuni kila mtoto akigeukia sauti. Mtoto akageuka, akapulizwa, akacheka, akageuka tena. Kumbe anasikia kuliko tulivyoandika. Si kila kitu, sauti za juu bado zinampita, ila anasikia. Kliniki ya macho hawakuzima taa mpaka mama alipomgusa mara mbili begani, ile alama yake ya "giza linakuja", na mtoto akatulia.

Mama alikaa akaangalia ripoti mbili ziko kwenye faili moja. Akauliza, "kwa hiyo hizi sizibebi mimi?" Nikamwambia hapana, zinakwenda zenyewe. Akaniambia atabeba nakala tu hivyo hivyo, mpaka atuzoee.

Yaliyobaki kwa wiki ijayo: wakalimani wa akiba. Taa za ukumbi, fundi umeme amesema anakuja Jumatatu. Chumba namba mbili. Kijana mmoja kiziwi ambaye jioni anajikwaa sana, mama yake kasimulia pia alichelewa kutembea, tumempa rufaa ya macho haraka, manake dalili hizo kwa kiziwi zinaweza kumaanisha uoni nao unapungua, na mimi mwenyewe nimepiga simu kuhakikisha wanajua kwa nini tunauliza. Na kumpitia bibi, daftari la tatu limejaa, anasema safari hii niende nikalichukue mwenyewe, yeye miguu inamuuma.